Mkanda Usiopiga Kelele: Historia ya Belti ya Taimingi, Kutoka Cherehani Hadi Ndhiwa



Kwa kawaida hapa tunazungumza kuhusu kompyuta, programu na simu. Leo tufungue boneti. Ndani ya injini za magari mengi kuna mkanda wa mpira wenye meno, ule ambao mafundi wetu huuita belti ya taimingi. Bei yake ni ndogo ukilinganisha na injini nzima, lakini injini nzima inauning'inia.

Mkanda huu ulibuniwa na watu wenye gereji zenye paa, zana kamili na vitabu vya kumbukumbu. Ilikuwaje basi ukaishia kubadilishwa nyumbani, chini ya mwembe, katika boma la Ndhiwa? Jibu langu nitalisema mapema ili twende pamoja: mkanda huu uliuhamisha ujuzi wa fundi kutoka sikioni ukaupeleka kwenye maandishi. Sisi tuliletewa mkanda. Maandishi hatukuletewa.

Haya, twende polepole.

Kazi yake ni nini?

Ndani ya injini kuna mihimili miwili ambayo lazima iende pamoja. Wa chini ni krankshafti, unaozungushwa na pistoni. Wa juu ni kamshafti, unaofungua na kufunga valvu zinazoingiza hewa na kutoa moshi. Krankshafti ikizunguka mara 2, kamshafti inazunguka mara 1. Ikiwa injini iko kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika, kamshafti inazunguka mara 25 kila sekunde, na kila valvu inafunguka na kufungwa mara 25 ndani ya sekunde hiyo.

Wenzangu mnaoandika programu mtaielewa haraka: hizi ni kazi mbili zinazoendeshwa sambamba, na kati yake kuna kitu kimoja tu kinachozifanya zikubaliane saa. Kitu hicho kinaweza kuwa gia, cheni au mkanda wenye meno.

Kikikatika, mambo mawili yanaweza kutokea. Kuna injini ambazo pistoni na valvu hutumia nafasi ileile kwa zamu. Hapo mkanda ukikatika, pistoni inapanda na kukuta valvu imebaki wazi, valvu inapinda, na silinda hedi inashuka. Tuziite injini zinazogongana. Nyingine zimeachiwa nafasi ya kutosha, hivyo mkanda ukikatika gari linazima tu na hakuna kinachovunjika. Hizo tuziite zisizogongana. Shikeni tofauti hii, maana bila yake historia ya Ndhiwa haieleweki.

Ilianza kwa cherehani

Ukienda soko lolote la huku utamkuta fundi cherehani barazani na mashine yake ya kukanyaga kwa mguu. Tazama ule mkanda wa ngozi unaotoka gurudumu la chini hadi la juu. Ukiteleza kidogo hakuna neno, kwa sababu sindano na bobini zimeunganishwa na vyuma ndani ya mashine yenyewe. Mkanda unaleta nguvu tu, hauna habari na saa.

Katika miaka ya 1940 kampuni ya Singer ilitaka mkanda wa kufanya kazi ya pili: kuhakikisha sindano na bobini haziachani. Mhandisi Richard Case wa kampuni ya L. H. Gilmer ya Marekani, iliyokuwa chini ya United States Rubber, akatengeneza mkanda wa mpira wenye meno kwa ndani, unaokaa juu ya pulei yenye meno. Mkanda wa namna hiyo hauwezi kuteleza. Wakongwe wa magari ya mashindano bado wanauita mkanda wa Gilmer.

Mwaka 1954 Bill Devin, mjenzi wa magari ya mashindano huko California, aliufunga kwenye injini ndogo ya Panhard ili uzungushe kamshafti iliyowekwa juu. Gari la aina hiyo lilishinda ubingwa wa taifa wa daraja lake mwaka 1956. Watu wakaona kumbe mpira unaweza kufanya kazi ya chuma.

Waliouingiza katika gari la kuuzwa madukani hawakuwa wakubwa wa dunia. Walikuwa kina Hans Glas wa Dingolfing, Ujerumani, waliotokea kwenye zana za kilimo kabla ya kutengeneza vigari vidogo vya Goggomobil. Gari lao la Glas 1004 la mwaka 1962 ndilo linalotajwa kuwa la kwanza kutengenezwa kwa wingi likiwa na mkanda wa taimingi. BMW waliinunua kampuni hiyo mwaka 1966. Mwaka huohuo Pontiac wa Marekani walikuwa na injini ya silinda 6 yenye mkanda, na Fiat wa Italia wakatoa injini ya Aurelio Lampredi yenye kamshafti mbili juu, nayo ikitumia mkanda.

Kwa nini wote waliupenda? Ni mwepesi, ni rahisi kutengeneza, hauhitaji oili, na haupigi kelele. Sifa hiyo ya mwisho ndiyo iliyotuletea shida.

Enzi za sikio

Turudi nyumbani. Ndhiwa iko upande wa kusini wa Kaunti ya Homa Bay, eneo ambalo zamani lilikuwa ndani ya Wilaya ya Nyanza Kusini. Ukitoka Homa Bay unapitia Rodi Kopany, na ukiendelea mbele unafika ziwani Karungu, upande wa Migori. Mto Kuja unapita huko. Udongo wa mabonde yake ni ule mweusi unaopasuka wakati wa kiangazi na kuwa gundi wakati wa mvua.

Magari yaliyojenga jina Kenya katika miaka ya 1960 na 1970 yalikuwa ya chuma kwa chuma. Peugeot 404 ilishinda Safari Rally mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968. Peugeot 504 ikashinda 1975 na tena 1978. Injini za silinda 4 za 404 na 504 zilizobeba abiria vijijini zilitumia cheni. Datsun 1200 ilitumia cheni. Trekta za Massey Ferguson zenye injini za Perkins, ambazo kila mkulima wa miwa anazijua, zilitumia gia.

Cheni ina tabia moja njema sana: ikichoka inasema. Inalegea, inagonga kifuniko, na asubuhi ukiwasha gari unasikia kra-kra-kra mbele ya injini. Mwenye gari anasikia, jirani anasikia, na fundi akipita barabarani anasikia pia. Una wiki, pengine miezi, ya kutafuta pesa.

Ufundi wetu ulikulia katika sauti hizo. Mwaka 1972 Shirika la Kazi Duniani lilitoa ripoti maarufu kuhusu Kenya iliyoieleza dunia kwamba watu waliokuwa wakifanya kazi nje ya ajira rasmi walikuwa wakitengeneza vitu na kujipatia riziki, wala hawakukaa bure. Baadaye nchi nzima ikawaita jua kali. Msomi Kenneth King aliandika juu yao mwaka 1977, na tena mwaka 1996. Kijana aliingia kwa fundi, akashika spana, akaosha vyuma kwa petroli, na miaka ikapita akisikiliza. Hakuna kitabu kilichofunguliwa. Fundi aliweka bisibisi kwenye injini, mpini kwenye sikio, akafumba macho na kukwambia ugonjwa uko wapi. Mimi nauheshimu sana ujuzi huo. Ni kama mtu anayesoma hitilafu ya programu kwa kuangalia taa za mashine tu.

Sasa leteni kifaa kisichotoa sauti.

Mkanda unafika

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Kenya ililegeza masharti ya biashara na fedha za kigeni, na magari yaliyotumika Japani yakaanza kumiminika bandarini Mombasa. Yakaja ya miaka yote, hadi nchi ikaweka kikomo: gari lisizidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, kwa mujibu wa kiwango cha KS 1515 cha mwaka 2000.

Mengi ya magari hayo yalikuwa Toyota, na Toyota wa wakati huo walikuwa wameupenda mkanda kwelikweli. Familia ya injini za A, iliyoanza mwaka 1978, ilikuwa ya mkanda. Ndiyo iliyokuwa ndani ya Corolla nyingi tulizoziita 100 na 110, zikiwa na injini ya 5A-FE. Familia ya dizeli ya L, iliyoanza mwaka 1977, ilikuwa ya mkanda pia. Hiyo ndiyo 2L, 3L na 5L za Hiace zilizogeuzwa matatu.

Nissan walikwenda njia nyingine. Sunny B14 yenye injini ya GA15 ilitumia cheni. Matatu za Nissan Caravan zenye dizeli ya TD27 zilitumia gia. Kwa hiyo kwenye stendi moja ungeweza kukuta matatu mbili zilizosimama bega kwa bega, rangi moja, njia moja, nauli moja. Moja haina habari na mkanda. Nyingine ina mkanda wenye umri usiojulikana. Kwa nje hakuna tofauti, na kwa sikio pia hakuna.

Fundi aliyelelewa na Peugeot 504 alikuta ufundi wake umefika ukingoni hapo. Mkanda unaokaribia kukatika unaweza kutoa sauti ileile ya mkanda mpya, yaani kimya. Swali lililobaki la kumuuliza mteja ni hili:

"Mzee, mkanda huu ulibadilishwa lini?"

"Sijui, fundi. Nililinunua hivyo."

Hapo ndipo tatizo la chuma lilipogeuka kuwa tatizo la kumbukumbu.

Kibandiko cha Kijapani

Na kumbe kumbukumbu zilikuwepo! Japani kila gari huwa na kitabu cha matengenezo kwenye kijidroo cha dashibodi, na gereji huandika humo kila kilichofanywa. Mara nyingi kitabu hicho kilibaki kwao gari lilipouzwa. Kikija, kimeandikwa Kijapani.

Kilichosafiri ni kibandiko. Gereji nyingi za Japani zikibadilisha mkanda hubandika karatasi ndogo chini ya boneti au kwenye kifuniko cha mkanda, ikiwa na tarehe na kilomita. Utaona maandishi usiyoyajua, kisha tarakimu. Kilomita zinasomeka. Mwaka ndio unaochanganya: unaweza kukuta namba 14. Mwaka 14 wa nini?

Ni kalenda ya wafalme. Enzi ya Heisei ilianza Januari 1989, kwa hiyo unachukua namba ya Heisei na kujumlisha 1988. Heisei 14 ni mwaka 2002. Enzi ya Reiwa ilianza Mei 2019, kwa hiyo hapo unajumlisha 2018. Ni mstari mmoja wa programu, lakini mtu asiyeujua mstari huo anaweza kung'oa kibandiko akidhani ni tangazo. Ukisafisha injini kwa maji ya presha, kibandiko kinaondoka na historia yote ya mkanda.

Toyota za dizeli zilikuwa na kumbukumbu ya pili: taa ya dashibodi iliyoandikwa T-BELT. Taa hii imedanganya watu wengi, kwa sababu wanadhani inauona mkanda. Haiuoni. Ni kihesabu tu. Inasubiri kilomita zifike kiwango kilichowekwa, kwa magari ya soko la Japani laki 1, kisha inawaka, hata kama mkanda ulibadilishwa jana. Baada ya kubadilisha, fundi anatakiwa kuirudisha sifuri kwa kitufe au skrubu kwenye dashibodi, kutegemea aina ya gari. Asiporudisha, taa inaendelea kuwaka na mwenye gari anaizoea. Na anayeirudisha bila kugusa mkanda ameizima kengele na kuuacha moto ukiwaka.

Juu ya hayo yote kuna mita ya kilomita yenyewe. Kurudisha mita nyuma ili gari liuzike ni ulaghai wa zamani unaojulikana duniani kote. Gari lenye kilomita elfu 78 laweza kuwa la elfu 178. Hesabu yoyote unayoijenga juu ya namba hiyo inaanguka nayo.

Halafu tuna ile karatasi tunayoiita logibuku. Jina lake linadai ni kitabu cha kumbukumbu za safari. Ndani yake utakuta jina la mwenye gari, rangi, namba ya chesisi, namba ya injini. Neno moja juu ya mkanda hakuna.

Kilomita za Ndhiwa si kilomita za Osaka

Tuseme kilomita tunazo na ni za kweli. Bado kuna tatizo, na hapa naomba tupige hesabu kidogo.

Mkanda hauhesabu kilomita, unahesabu mizunguko. Chukua gari linalokwenda kwa wastani wa kilomita 40 kwa saa, injini ikiwa kwenye mizunguko 2,500 kwa dakika. Kilomita laki 1 ni saa 2,500 za kazi. Saa 2,500 mara dakika 60 mara mizunguko 2,500 ni mizunguko milioni 375.

Sasa lilete gari hilohilo kwenye barabara ya udongo mweusi wakati wa mvua ndefu, gia ya kwanza na ya pili, wastani wa kilomita 20 kwa saa, injini ikiunguruma vilevile. Kilomita laki 1 zinakuwa saa 5,000, na mizunguko milioni 750. Mita inaonyesha namba ileile, mkanda umefanya kazi mara mbili.

Ongeza vumbi linalopenya kwenye kifuniko kilichopasuka au kilichotupwa kabisa. Ongeza oili inayovuja kwenye sili za mbele na kulowesha mpira. Ongeza miaka, maana mpira unazeeka hata gari likisimama. Mikanda ya awali ya neopreni iliteseka zaidi kwa joto. Kuanzia miaka ya 1980 watengenezaji walianza kutumia mpira bora zaidi na muda ukarefuka, lakini hakuna mpira usiozeeka.

Kwa hiyo ile laki 1 iliyochapishwa Japani ilikuwa ahadi ya mahali pengine. Mafundi wenye busara huku walijifunza kushusha namba: wengine husema elfu 60, wengine elfu 80, na gari likitoka bandarini badilisha kwanza kisha uanze kuhesabu upya. Hilo la mwisho ndilo la maana kuliko yote. Ukiwa na data usiyoiamini, anza na thamani unayoijua mwenyewe.

Kwa nini nyumbani?

Huko ulikobuniwa, mkanda ni kazi ya gereji. Ndhiwa ukawa kazi ya nyumbani, dala kama wasemavyo Waluo, kwa sababu ya kawaida kabisa: gari lililokatika mkanda haliendi popote. Kulivuta hadi Homa Bay au Kisii ni gharama, na mara nyingine hiyo gharama inazidi bei ya mkanda na fundi kwa pamoja. Ni rahisi fundi aje na zana kwenye gunia kuliko gari limfuate fundi.

Zamani kikwazo kilikuwa kipuri. Mtu alitumwa Kisii, Migori, au usiku kucha hadi Nairobi, Kirinyaga Road, akiwa na mkanda mbovu mfukoni kama sampuli. Gari lilisimama siku tatu, nne. Mwaka 2007 M-Pesa ikaanza, na mambo yakageuka: unapiga simu, unasoma namba ya injini, unatuma pesa, mkanda unakuja kama kifurushi kwenye basi la usiku. Kwangu mimi hii ni sehemu ya historia ya mkanda sawasawa na Glas 1004. Baadaye simu zikapata kamera na intaneti, na alama za pulei zikaanza kusafiri kama picha.

Sababu ya pili ni ile tofauti niliyowaomba mshike. Injini za A za Corolla nyingi, 4A-FE na 5A-FE zikiwemo, ni za zile zisizogongana. Mkanda ukikatika gari linazima kimya, unafunga mwingine, unaendelea. Ukikosea jino moja, injini inatetemeka na kukosa nguvu, unafungua na kurudia. Alikuwa mwalimu mpole. Vijana wengi waliweza kujifunza juu yake bila kumfilisi mteja.

Dizeli ya 3L ni mwalimu mkali. Hiyo inagongana. Mkanda uleule unazungusha pampu ya kurushia dizeli pia, kwa hiyo kuna alama za pulei tatu za kupatanisha badala ya mbili. Ukikatika barabarani, abiria wanashuka na kutembea, na mwenye matatu anaanza kuuliza bei ya valvu na silinda hedi. Kama mapato ya gari hilo ndiyo karo ya watoto, mkanda mmoja umefunga muhula.

Kazi yenyewe, kwa ufupi

Kwa wasiowahi kuiona kwenye Corolla, mpangilio ni huu:

1. Betri inafunguliwa waya. Gari linainuliwa kwa jeki na kuegemezwa kwenye gogo au stendi imara, kamwe jeki peke yake. Gurudumu la mbele la kulia linatoka.

2. Mikanda ya nje ya jenereta na pampu inatolewa. Injini inaegemezwa kwa jeki ya pili na ubao, kisha kishikio cha injini upande huo kinafunguliwa.

3. Plagi zinatolewa ili injini izunguke kirahisi kwa mkono. Krankshafti inazungushwa hadi alama ya pulei ikae kwenye 0, na tundu dogo la pulei ya kamshafti likae kwenye alama yake juu. Hapo pistoni ya kwanza iko juu kabisa.

4. Bolti kubwa ya pulei ya chini. Hapa ndipo jasho linapotoka. Bomba refu juu ya spana na kifua chenye subira.

5. Kikaza mkanda kinalegezwa. Kabla ya kutoa mkanda, fundi wa nyumbani huchukua rangi ya kucha au wino mweupe wa kufutia na kuweka alama juu ya mkanda na pulei, kisha anahesabu meno kati ya alama hizo na kuzihamishia kwenye mkanda mpya. Ukitazama vizuri, hiyo ni nakala ya akiba kabla ya kufuta.

6. Mkanda mpya unaingia. Kikaza kinaachiwa kivute. Halafu, kabla ya kuwasha, krankshafti inazungushwa kwa mkono mizunguko 2 kamili na alama zinatazamwa tena. Zikikutana, kaza. Zisipokutana, rudia.

Hatua ya 6 ndiyo ninayoipenda. Katika pulei yenye meno 24, jino 1 ni nyuzi 15 za mzunguko. Macho yanaweza kusema karibu sawa, lakini mizunguko miwili haina karibu. Ukisikia kitu kinagoma kwa mkono, simama. Mkono unasimama, stata haisimami.

Na sanduku la mkanda litazamwe vizuri. Vipuri bandia vilizidi hadi Kenya ikatunga sheria ya kupambana na bidhaa bandia mwaka 2008. Sheria ipo, na bandia bado zipo. Linganisha idadi ya meno, upana na maandishi ya mgongoni na mkanda wa zamani kabla ya kulipa.

Cheni inarudi

Mwishoni mwa miaka ya 1990 Toyota walianza kurudi kwenye cheni katika injini ndogo za petroli. Familia ya NZ iliyokuja mwaka 1999 ina cheni. Injini ya 1NZ-FE ikaingia kwenye Vitz, kwenye Corolla iliyofuata 110, na mwaka 2002 kwenye Probox. Ni nani huku asiyeijua Probox? Miwa, samaki, magunia, mgonjwa, maiti, wanafunzi, zote imebeba. Watu wakapumua: mkanda umekwisha.

Lakini cheni hunywa oili. Kubadilisha oili kukicheleweshwa, cheni inarefuka na kikazio chake kinakwama. Na 1NZ-FE ni ya zile zinazogongana. Kwa bahati nzuri sauti imerudi, kra-kra-kra ya asubuhi, ingawa redio ya matatu imekuwa na nguvu kuliko zamani.

Ulaya nao walijaribu njia ya tatu: mkanda wa mpira unaozunguka ndani ya oili. Ford waliuweka kwenye injini ya lita 1.0 ya EcoBoost mwaka 2012, na Peugeot kwenye PureTech ya lita 1.2. Mikanda ikaanza kuchakaa na mabaki yake kuziba njia za oili. Kampuni zote mbili zikatoa matoleo mapya yenye cheni. Kumbe hata wenye gereji zenye paa hujifunza kwa kuumia.

Kalamu ni zana

Kitu ambacho mafundi wa nyumbani walikivumbua wenyewe, bila ripoti wala msomi, ni kuandika. Inua boneti za magari ya huku na utaona: juu ya kifuniko cha plastiki, kwa kalamu nyeupe au kwa ncha ya msumari, tarehe na kilomita. Wengine huandika ukutani kwenye stoo. Wengine hupiga picha mita na mkanda mpya pamoja, picha ikabaki kwenye simu ikiwa na tarehe yake. Vizazi viwili nyuma fundi bora alikuwa mwenye sikio kali. Leo fundi bora ana sikio, na ana kalamu.

Kwa hiyo, ndugu yangu mwenye gari la mkanda, iwe Corolla 110 inayovuta pumzi bado, Subaru au Hiace ya dizeli: kesho asubuhi inua boneti utafute tarehe. Ukiipata, jumlisha 1988 kama ni ya Heisei. Usipoipata, basi hiyo ndiyo habari yenyewe, na mkanda wako ni wa kubadilisha. Ukishabadilisha, andika mwaka kwa tarakimu nne, na kilomita. Atakayelinunua gari baada yako hatakujua jina, lakini atakushukuru.

Wenye kumbukumbu za injini za zamani za upande wa Rodi, Ndhiwa na Karungu, nileteeni, nazikusanya. Wakati mwingine Mungu akipenda tutaongea juu ya kabureta na kilichoiua.

Alamsiki.